Chungu kimoja, shamba moja au ushirika: uchague maisha gani ya pamoja

Wiki mbili zilizopita nilitembelewa na vijana wanne. Mmoja Mgisu wa hapa Mbale, mmoja Msamia wa Busia, mmoja Mnubi wa Bombo, na binti wa Kikongo aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Babu wa yule Mgisu ameacha ekari tatu chini ya mlima Wanale, na wote wanne wamechoka na maisha ya kila mtu na lake. Wanataka kulima pamoja na kulea pamoja, na kabila au dini isiwe sababu ya kumweka mtu nje. Hayo wamekubaliana. Kinachowatenganisha ni namna ya kuishi hivyo.

Tulizungumza kwa muda wa saa tatu na kumaliza birika mbili za chai. Mimi niliishi miaka miwili na nusu kwenye jumuiya ya watu wazima kumi na mmoja na watoto wanane, si mbali na hapa, na mpaka leo naamini watu wanaweza kuishi hivyo wakaishi vizuri. Ila aina za maisha ya pamoja zinatofautiana sana, na anayeingia kwenye aina isiyomfaa hutoka akiapa kwamba wazo zima ni bovu. Nawaandikia wengine walio njia panda kama wale vijana.

Maswali ya kuanzia

Kila mtindo nimeupima kwa maswali matano. Mfuko: pesa inakaa wapi, na nani anaigusa? Kazi: inagawanywaje, na kazi ya jikoni inahesabiwa? Sauti: nani anaamua? Watoto na ukoo: mtoto analelewa na nani, na ndugu zako wa nje wana nafasi gani? La tano ni mlango: ukitaka kuondoka, unaondoka na nini mkononi?

Hilo la tano naliweka juu ya mengine yote, na mtu wa Uganda wa umri wangu anajua kwa nini. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Walikuwa watu waliouza mali zao, wakahamia pamoja, wakala pamoja, wakaacha hata kuongea, wakawa wanatumia ishara za mikono. Walitabiriwa mwisho wa dunia tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita, na kwa mujibu wa taarifa zilizotoka baadaye, baadhi yao wakaanza kudai warudishiwe vyao. Kati ya siku ile na moto ilipita miezi miwili na nusu tu.

Weka hilo kando ya watawa, ambao nao huacha kila kitu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kwamba nguo alizokuja nazo mtu zihifadhiwe stoo, ili siku akiondoka avae zake. Benedikto aliona kuondoka ni ushawishi wa shetani, na bado aliagiza nguo zitunzwe. Nikiingia kwenye jumuiya yoyote siku hizi, nauliza nguo za watu ziko wapi.

Chungu kimoja

Mfuko. Kipato chote kinaingia mahali pamoja, na kila mtu anapewa kwa haja yake. Mfano unaojulikana zaidi ni kibbutz (wingi wake kibbutzim), kijiji cha Wayahudi cha mali ya pamoja katika Israel ya leo. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 kando ya Ziwa Galilaya na watu kumi na wawili, wanaume kumi na wanawake wawili. Kule Virginia, Marekani, jumuiya ya Twin Oaks imeishi hivyo tangu 1967. Ina watu mia moja hivi, na kwa miaka mingi riziki yao ilitokana na vitanda vya kamba vya kuning'iniza mitini na tofu ya soya.

Kazi. Hapa ndipo mtindo huu unapoishinda mingine. Twin Oaks kila mtu hutakiwa kufikisha kama saa 42 kwa wiki, na saa ya kupika, kufua au kukaa na mtoto ina thamani ileile ya saa ya kiwandani. Siku za ugonjwa nazo huhesabiwa. Akina mama, rudieni kusoma hapo. Kwenye nyumba nyingi ninazozijua mimi, mwanamke anarudi saa sita na jembe begani, anakuta kuni, maji na posho (ugali) vinamsubiri, na jioni mume anawaambia wageni, "Leo nimelima." Kwenye jumuiya yetu tulibandika karatasi ya zamu ukutani. Mwezi wa pili wanaume watatu walikuwa wanasonga posho ya watu kumi na tisa bila madonge.

Sauti. Kikao cha wote. Kinachosha, kinachelewesha, lakini mnyonge anasikika.

Watoto na ukoo. Kwenye kibbutzim nyingi watoto walilala nyumba yao maalumu, mbali na wazazi, kwa miongo kadhaa. Wazazi wenyewe walikuja kuukataa utaratibu huo, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha. Kwetu sidhani kuna atakayeuanzisha. Mtihani wetu uko upande wa ukoo, na mtihani huo Degania hawakuufanya. Wale vijana walitoka Dola ya Urusi, wazazi wako mbali ng'ambo ya bahari, hakuna aliyeweza kuwapigia simu usiku.

Sisi tulipigiwa. Pesa yetu ilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama yale ya vikundi vya akiba, funguo kwa watu watatu. Usiku mmoja mwenzetu, mama wa watoto wawili, akapata simu kutoka kwao: baba amefariki. Mwenye ufunguo wa tatu alikuwa Soroti. Tulikesha naye. Asubuhi ufunguo ukafika, sanduku likafunguliwa, na hapo tukafanya kosa ambalo sijalisahau: tukaitisha kikao kujadili ni kiasi gani kinatosha kwa msiba wa mtu. Alikuwa amekaa palepale, leso kichwani, akitusikia tukitaja elfu hamsini, elfu themanini. Akaenda kuzika, akarudi baada ya wiki, akapika zamu zake zote. Baada ya miezi mitatu akaaga.

Alipofunga mzigo aliomba sufuria aliyokuja nayo, ile kubwa ya maharagwe. Chini yake tulikuwa tumeipiga rangi nyekundu: namba 7, mali ya jumuiya. Wawili wetu tulisema apewe. Wengine wakasema tukianza na sufuria tutamaliza na ng'ombe. Basi la Busia halikungoja kikao. Aliondoka bila sufuria.

Mlango. Kwa hiyo unaona ulivyo mwembamba. Wenye uzoefu wameutengeneza mapema: Twin Oaks mgeni hukaa wiki tatu kwanza, akikubaliwa huwa mwanachama wa majaribio kwa miezi sita, na mali aliyokuwa nayo kabla hubaki yake ingawa haitumii akiwa ndani. Jumuiya nzima nayo yaweza kubadilika. Madeni ya miaka ya 1980 yaliziyumbisha kibbutzim nyingi, na leo zilizo nyingi hulipa mishahara inayotofautiana. Degania yenyewe ilipiga kura kufanya hivyo mwaka 2007, baada ya karibu miaka mia.

Inamfaa nani? Watu wachache wanaojuana kweli, wenye kipato kinachokaribiana, ambao tayari wameketi na ndugu zao wa nje wakaelewana. Wanawake waliolemewa na kazi isiyohesabiwa watapata hapa nafuu ambayo sijaiona kwingine. Haimfai mzaliwa wa kwanza anayesomesha wadogo zake watano.

Shamba moja, jiko lako

Mfuko. Ardhi ni ya wote, au inasimamiwa na wote, na mnanunua na kuuza pamoja. Ndani ya nyumba yako pesa ni yako. Nahalal, moshav ya kwanza, yaani kijiji cha Wayahudi cha ushirika ambamo kila familia ina nyumba na shamba lake, ilianzishwa mwaka 1921, na kati ya waanzilishi wake walikuwamo watu waliotoka Degania, wakiwemo wazazi wa Moshe Dayan, aliyekuja kuwa jenerali maarufu wa Israel. Hawakukimbia wazo la usawa. Walitaka jiko lao. Kijiji kilichorwa mviringo: katikati majengo ya wote, yakizungukwa na nyumba, na nyuma ya kila nyumba shamba lake likifunguka kwenda nje kama kipande cha chungwa. Kila familia ina kipande sawa na jirani, na hakuna aliye karibu na kituo kuliko mwingine. Anayeazima mifano hii akumbuke pia kwamba Degania na Nahalal zimo katika nchi inayogombaniwa na watu wawili mpaka leo. Nani alikuwa kwenye ardhi kabla yenu ni swali la kwanza hata hapa kwetu.

Kazi. Kwa familia, na siku kadhaa za shamba la wote. Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa lugha na kwa udongo ni Litowa, karibu na Songea, kusini mwa Tanzania. Vijana wa TANU, chama cha Nyerere, waliingia msituni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja na kugawana mavuno kulingana na kazi ya kila mtu. Baadaye vijiji 17 hivi vikaungana chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma, vikiwa na kinu chao cha kusaga na shule yao. Jikoni, nasikitika kusema, mtindo huu huacha mambo yalivyo. Ukifunga mlango wako, zamu ya kupika inarudi kwa mwanamke, isipokuwa ninyi wenyewe mkubaliane vingine.

Sauti. Ruvuma walijiamulia wenyewe, na Nyerere, ambaye alisomea ualimu hapa Makerere, aliwasifu na kuwafanya mfano wa ujamaa. Lakini Septemba 1969 chama tawala kikakivunja chama chao. Miaka minne baadaye ikaja Operesheni Vijiji, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengi kwa lazima. Ninaowasikia wakisema "ujamaa ulishindwa" huchanganya mambo hayo mawili. Waliochagua na waliosombwa kwa lori hawakuishi jaribio moja.

Auroville, kusini mwa India karibu na Puducherry, ina somo lake hapa. Ulizinduliwa tarehe 28 Februari 1968 kama mji usio wa taifa wala dini, na udongo kutoka nchi 124 ukamiminwa kwenye chombo kimoja. Mwanzilishi, Mirra Alfassa, aliyeitwa Mama, alifariki mwaka 1973, na ugomvi wa nani anamiliki nini ukawa mkali mpaka serikali ya India ikaingia. Tangu 1988 kuna sheria ya bunge inayosimamia mji huo. Uliopangwa kwa watu 50,000 una kama 3,000. Wamegeuza nyika kavu kuwa msitu, kazi ninayoiheshimu sana, na Desemba 2021 baadhi ya miti hiyohiyo iling'olewa kwa tingatinga kupisha barabara ya ramani ya zamani, wakazi wakigawanyika pande mbili. Kwa hiyo ulizeni mapema: mwanzilishi akifa, kalamu inashikwa na nani?

Watoto na ukoo. Hapa mtindo huu unaumudu ukoo vizuri. Mgeni akija, analala kwako. Msiba ukitokea, unafungua mfuko wako bila kikao, na wenzako wanachangia kama majirani.

Mlango. Unategemea karatasi. Auroville nyumba haiwi yako hata ukiijenga kwa pesa zako. Kwetu, mtu akijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye shamba la wote kisha akahama, matofali hayahami naye. Andikeni kabla kama atafidiwa, na nani atakadiria.

Inamfaa nani? Familia zenye watoto, watu wa kabila na dini tofauti, wanaotaka ujirani wa karibu na bado wanahitaji mlango wa kufunga. Anayetafuta usawa kamili wa kipato ataumia, kwa sababu baada ya miaka mitano nyumba moja itakuwa na bati jipya na ya pili bado nyasi.

Ushirika bila kuhama

Wengi wanaudharau mtindo huu kwa sababu hauna picha nzuri. Hakuna anayehama, hakuna lango lenye jina. Mimi nauhesabu kuwa maisha ya pamoja kamili.

Mfuko. Kila mtu na wake, na mmoja wa pamoja kwa jambo moja lililotajwa: kahawa, msiba, akiba. Hapa Mbale tuna Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. J.J. Keki, mkulima Myahudi wa jamii ya Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 akayaona yaliyotokea. Mwaka 2004 yeye na majirani zake Waislamu na Wakristo walianzisha ushirika wa kahawa, na uongozi ukachanganywa dini zote. Kila mmoja anaendelea kusali kwake na kula kwake, na kahawa inapimwa kwenye mzani mmoja.

Kazi. Ile tu mliyokubaliana. Kule Kigezi kuna vikundi vya engozi, machela ya kufumwa ya kubebea wagonjwa kwenye milima isiyopitika kwa gari. Kila mwanakikundi ana wajibu wa kubeba, na asiyetokea hutozwa faini. Mama mwenye uchungu wa uzazi akishushwa bondeni saa tisa usiku kwenye mabega ya wanaume wanane wanaopokezana, hapo kuna kuishi pamoja kuliko kwenye katiba nyingi nilizosoma.

Sauti. Mkutano wa mwaka na kamati. Ubaya wake ni kwamba wachache wanaojua hesabu huweza kuuteka, maana wengine huonekana siku ya mgao tu.

Watoto na ukoo. Hakuna linaloguswa. Kwa wengine hilo ni raha, na kwa anayetaka kubadili kabisa jinsi anavyolea au anavyoishi na mwenzake, ni upungufu: ukirudi nyumbani jioni, mambo ni yaleyale.

Mlango. Mpana kuliko yote. Unachukua hisa zako kwa utaratibu uliowekwa, unabaki jirani.

Inamfaa nani? Mwenye shamba lake asiyetaka kuliweka rehani kwa ndoto, mwenye wazee wa kutunza, na kikundi ambacho hakijawahi kushika pesa pamoja hata mara moja.

Ardhi, mtindo wowote mnaouchagua

Nawaomba msipite haraka hapa. Kama shamba liko kwenye ardhi ya mailo, aina ya umiliki iliyoko hasa Buganda, huenda mnachonunua ni kibanja tu, yaani haki ya kukaa na kulima, na mwenye hati ni mwingine. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Uganda zaidi ya kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99, kwa hiyo binti wetu wa Nakivale hawezi kuandikwa mmiliki sawa na wenzake, na hilo lazima lizungumzwe mbele yake. Ardhi ambayo familia inaishi na kujilisha kwayo haiuzwi wala haitolewi bila ridhaa ya mke au mume. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu kikundi kuunda chama cha ardhi ya jumuiya, chenye katiba yake na kamati yake, ambayo lazima iwe na wanawake. Mpitie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa wazee wa ukoo kabla ya kupanda mche wa kwanza. Ekari tatu za babu zina wajukuu wengine.

Kwa hali yako

Kama mko wanne au watano, hamna watoto bado na mnalingana kipato, jaribuni chungu kimoja kwa msimu mmoja wa mahindi, mkiwa na tarehe ya kumaliza. Tengeni mfuko wa misiba wenye kiwango kilichowekwa mapema, ili asiwepo mtu wa kuketi na leso kichwani akisikiliza bei ya baba yake.

Kama mna watoto, au mmeoana watu wa dini mbili, anzeni na shamba moja, majiko mbalimbali. Nyerere mwenyewe alipoandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967 alipendekeza hatua: kwanza watu wasogeze nyumba karibu, kisha walime kipande kidogo pamoja, na shamba kubwa la wote lije baada ya kuaminiana. Hatua ya kwanza ikiwashinda, mtakuwa mmepoteza kidogo.

Kama unalisha watu nje ya jumuiya kila mwezi, au ardhi yako ndiyo akiba pekee, ushirika bila kuhama utakulinda. Unaweza kusogea mbele baadaye.

Kama umealikwa kwenye jumuiya yenye kiongozi mmoja asiyeulizwa, inayotaka uuze kwanza kisha ndio uingie, na simu za ndugu hazipokelewi, usihamie, hata kama wimbo wao unakutoa machozi.

Na kama ardhi ni ya mmoja wenu na wengine wanaleta mikono, semeni hivyo kwa sauti siku ya kwanza.

Wale wanne hawajachagua. Waliondoka kwangu na ukurasa mmoja wa daftari. Upande wa kushoto majina, kisha alichokuja nacho kila mmoja: ekari tatu zenye wajukuu wengine, cherehani, majembe mawili na baiskeli, na kwa binti wa Nakivale, masufuria mawili na shilingi laki mbili kwenye simu. Safu ya kulia ina kichwa kimoja, "akiondoka", na chini yake ni mistari mitupu. Jumamosi wanarudi tuijaze.